Siku Tulipopangwa Pande Mbili

Mlabani, Ifakara
9 Februari 2025

Mdogo wangu Angelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hapo umeitika moyoni, na Mama Mlezi anayefungua barua zenu kabla hamjazipata naye ameitika, kwa hiyo nawasalimu wote wawili. Shikamoo Mama Mlezi. Mnisamehe mwandiko, naandikia juu ya gunia. Tangu walipokunyang'anya simu siku ya kuingia unovisi, hayo malezi yenu ya utawa, nimejifunza kuandika upya, mkono unauma kama nilikuwa nalima.

Sisi tupo. Mama mguu bado. Anatembea na fimbo kule Kivukoni na hataki kuambiwa apumzike. Baba mzima, kila Jumapili anapanda baiskeli kuja huku mjini kwenye vikao vyake vya kamati ya kituo. Mpunga umeshika vizuri, kama maji ya mto hayataupita. Aneth ametimiza miaka miwili. Anaongea kama redio, nusu haieleweki. Picha yako yenye shela anaiita bibi harusi.

Kifua chake ndicho kinachonifanya niandike. Unakumbuka nilivyokuwa namlaza pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikipepeta chenga huku yeye yuko kwenye magunia. Vumbi la pumba lilimwingia mpaka akawa analala amekaa. Nesi aliniambia, "Mama, huyu ukimrudisha kwenye vumbi usije ukasema hukuambiwa." Tangu nimpeleke chumba cha watoto, pale kituo cha vijana cha parokia, wale mabinti wanaojifunza kushona wanawaangalia kwa zamu, na mwanangu amekuwa mtoto kama wengine. Analala amelala.

Sasa wafadhili wa nje wameacha kuleta. Uji, walimu, mishahara, vyote vinakauka. Baba na kamati yake wameomba halmashauri iweke fungu, na wamejibiwa kwamba mkutano wa mtaa ukubali kwanza. Basi mtaa mzima umekuwa bunge. Abdulkarim fundi baiskeli anasema ushuru anaolipa haujabatizwa, haoni kwa nini ukalipie sala ya asubuhi. Mzee Emanuel wa Kilutheri anasema kama ni hivyo na kwaya yao inunuliwe spika. Baba anajibu kwamba kituo ni cha wote, hakijawahi kumfukuza mtu.

Ni kweli hakijamfukuza mtu. Lakini ukienda kuandikisha mtoto unaombwa barua ya jumuiya. Sisi Wakatoliki hatuioni hata kama ni kitu. Ubatizo, ndoa, msiba, hata kuazima viti vya parokia, kiongozi wa jumuiya anakuandikia kwamba anakujua na unasali naye, mambo yanakwenda. Zamda, yule ninayepepeta naye, alikwenda na mwanawe Idrisa. Binti wa mapokezi akamwambia kwa upole kabisa, "Karibu dada, lete tu barua ya jumuiya." Zamda ni Mwislamu. Alirudi mashineni akaniuliza, "Hiyo jumuiya ndiyo nini, na mimi naipatia wapi?" Idrisa bado yuko kwenye magunia.

Baba anataka nisimame mkutanoni niseme, mimi ninayefaidika. Sijui niseme nini. Najua tu kwamba kituo kikifunga, Aneth anarudi kwenye vumbi na sina pengine pa kumweka. Niombee.

Dada yako,
Valeria


Nyumba ya Malezi, Njombe
1 Machi 2025

Dada Valeria,

Shikamoo. Milele amina. Nimeitika kwa sauti na wenzangu wakacheka.

Mimi mzima, ila baridi ya huku haina huruma. Asubuhi tunachimba viazi, vidole havijijui. Nimejifunza kukamua ng'ombe na bado sijajifunza kunyamaza, ndivyo anavyosema Mama Mlezi. Mama mwambie nimemtafutia dawa ya kuchua, nitaituma akipita mtu. Shemeji Osward hajambo kule kwenye miwa? Hukumtaja.

Dada, simama useme. Hayahitajiki maneno makubwa. Mbebe Aneth, watu wamwone. Na tafadhali usimwache baba peke yake mbele za watu. Kile kituo amekisimamia tangu kinachimbwa msingi, na umri wake sasa si wa kuaibishwa. Kuhusu mwenzako Zamda nimeumia, lakini tuokoe kwanza kilichopo. Fedha zikishapatikana, hayo ya barua yatarekebishwa polepole.

Jumatano ni Majivu. Kwaresima yote hatuandiki wala hatupewi barua. Ukiniandikia, itakaa kabatini kwa Mama Mlezi mpaka Pasaka. Wewe andika tu.

Nakupenda,
Angelina


Mlabani
23 Machi 2025

Mdogo wangu,

Salamu za Kwaresima, ingawa utazisoma imekwisha. Mama hajambo kidogo. Mvua zimeanza kwa fujo, barabara ya kwetu ukipita na kandambili moja inabaki.

Mkutano umefanyika jana, pale uwanjani katikati ya kanisa letu na msikiti. Mwenyekiti wa mtaa, Fidelis, alifungua akasema, "Anayesema aseme kwa ufupi, ile mvua kule haina kadi ya mwaliko." Nani alimsikiliza? Mzee Emanuel peke yake aliongea mpaka watoto wakalala.

Abdulkarim alisema hana ugomvi na watoto, ana ugomvi na mlango. "Fedha ya wote isiwekewe bawabu wa kanisa." Mtu akamrukia, "Mbona ukiumwa unakimbilia hospitali ya kanisa, na dawa zinatoka serikalini?" Akasema, "Nikifika pale naulizwa naumwa wapi. Siulizwi nasali wapi." Hata baba alitazama chini, nilimwona anazuia kucheka.

Nami nilisimama, Aneth mgongoni. Nikasema chumba kile kimempa mwanangu pumzi, na kikifa sijui nitafanya nini. Halafu nikasema ile barua ya jumuiya iondolewe. Barua ya mwenyekiti wa mtaa itoshe, ni yule yule anayetujua wote. Abdulkarim akasema, "Ikiwa hivyo, hata mimi nanyoosha mkono." Emanuel akasema naye hana neno. Baba alikohoa, akajibu, "Linaweza kuzungumzwa." Wewe unamjua baba. Hilo kwake ni ndiyo.

Angelina, tulikuwa tumefika. Palibaki kunyoosha mikono tu.

Ila mwaka jana kwenye kura ya kisima watu walinyoosha mikono miwili miwili, ikawa vurugu. Fidelis akaona safari hii atupange mistari. Akasimama juu ya kiti akasema, "Wanaokubali waende upande wa kanisani, wasiokubali upande wa msikitini, nihesabu vizuri." Hakuwa na ubaya. Aliangalia nafasi ilipo, basi.

Watu walikwenda kama kuku magharibi, kila mmoja bandani kwake. Hakuna aliyekumbuka tena tulichoulizwa. Emanuel aliyekipinga kituo saa nzima akaenda kanisani. Abdulkarim aliyekubali mbele ya wote akaenda msikitini, ameinua mabega. Afisa aliyetumwa kutoka halmashauri akatazama mistari ile, akaandika, akasema mtaa uliogawanyika namna hii hawezi kuuombea fungu. Mvua ikaja ikatutawanya. Baba hakunisubiri.

Chumba cha watoto kinafungwa mwisho wa mwezi huu.

Valeria


Mlabani
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Angelina,

Najua hii hutaisoma leo. Nakuandikia kwa sababu Zamda amesinzia na sina mwingine wa kumwambia.

Sitakupa habari za nyumbani kwa sababu sijafika. Mama ametuma ndizi kwa mtu wa bodaboda. Baba hajapita hapa tangu mkutano, ingawa baiskeli yake naiona parokiani.

Aneth yuko mashineni. Nimemtundikia khanga iliyoloweshwa pande zote, inakauka kabla sijamaliza debe moja. Nje ni mvua, ndani ni pumba. Nilimwomba mwenye mashine anipe kazi ya kufagia ofisi, akasema, "Ofisi gani, dada, ile meza?"

Jumanne alizidiwa. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani na midomo imebadilika rangi. Nilikimbia naye, kiatu kimoja sijui kiko wapi hadi leo. Hospitalini walimvukishia dawa, akarudi kupumua. Nesi alikuwa yule yule. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Nikiacha kazi hatuli. Nikienda kazini hapumui. Nimegeuza hivi na hivi, sioni mlango.

V.


Nyumba ya Malezi, Njombe
27 Aprili 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Amefufuka kweli. Nimepewa barua zako zote mbili pamoja, na kwa bahati mbaya nikafungua ya pili kwanza. Mezani waliniuliza kama nimefiwa.

Aneth yukoje? Anza na hilo ukinijibu. Hajambo shemeji? Anajua?

Kuna jambo sikukuambia. Ile barua yangu ya Machi, ya kukuhimiza usimwache baba, baba ndiye aliyeniandikia akiomba nikuhimize. Nilipaswa kusema. Sasa baada ya Pasaka nimepata nyingine kutoka kwake. Wewe umenieleza Emanuel alikwenda wapi na Abdulkarim alikwenda wapi, ukaishia hapo. Baba anasema ulivuka ukasimama upande wa msikitini. Mbele ya watu wote, na Aneth mgongoni. Nimeisoma mara kadhaa na sitaki kuamini mpaka uniambie mwenyewe.

Anasema mama yuko tayari kumchukua Aneth. Kivukoni hakuna mashine, hakuna vumbi, na kwa ajili ya ule mguu wa mama, baba mwenyewe atamwangalia asikaribie mtoni. Ila kwanza uende mbele ya jumuiya useme ulikosea.

Dada, ni maneno machache. Yaseme, mtoto apone. Mungu anajua kilicho moyoni.

Angelina


Mlabani
18 Mei 2025

Mdogo wangu Angelina,

Tumsifu Yesu Kristo. Aneth yu hai na anapumua. Nimeanza na hilo kama ulivyotaka. Mama ameanza kuacha fimbo ndani ya nyumba. Mpunga wa baba maji yaliupitia pembeni, atavuna. Habari za shemeji yako usiniulize tena.

Ni kweli. Nilisimama upande wa msikitini.

Nikueleze ilivyokuwa, halafu unihukumu. Fidelis alipotugawa, mguu wangu ulikwenda wenyewe kanisani kama wa kila mtu. Nikageuka nikamwona Zamda anakwenda upande wake na Idrisa ubavuni, mtoto anakohoa. Zamda alikuwa anakitaka kile chumba kuliko mimi, na anakwenda kusimama na wanaokikataa, kwa sababu tu ndiko kwao. Nikaona hii si kura ya kituo tena. Ni kuhesabu Wakristo na Waislamu, na idadi yetu tulikuwa tunaijua tangu asubuhi. Nikadhani nikivuka mmoja tu watu watashtuka, watacheka, Fidelis atasema jamani turudi katikati tunyooshe mikono. Nikavuka.

Hakuna aliyecheka. Nilimwambia Abdulkarim, "Mjomba, ulisema unakubali, vuka basi." Akasema, "Nitavukaje, mwanangu, na kanzu hii, mbele ya watu wangu?" Mama mmoja wa jumuiya yetu alipiga kelele kutoka kule, "Valeria, umeolewa lini huko?" Hapo ndipo walipocheka.

Linalonila ni hili. Yule afisa aliandika kwamba hata wanaonufaika na kituo wanakikataa. Aliyenufaika akakataa ni mimi peke yangu. Baba ameyasoma maneno hayo kwenye kamati, kwa sauti, maana yeye ndiye anayewasomea. Sijui kama fungu lingekuja nisingevuka. Hakuna anayejua. Lakini Aneth alikuwa mgongoni kwangu nilipovuka, na aliyelipa ni yeye.

Pamoja na hayo sitasema nilikosea. Kumwaibisha baba, hilo nitamwomba radhi kwa magoti popote atakapo. Ila nikisimama mbele ya jumuiya niseme pale uwanjani nilikosea, nitakuwa nimesema Idrisa hana kifua. Siwezi, Angelina. Unasema Mungu anajua kilicho moyoni. Na Zamda je, ambaye atasikia yaliyotoka mdomoni?

Wala sitamwua mwanangu kwa ajili ya mdomo wangu. Kwa hiyo wiki iliyopita nilifunga nguo zake nikaenda Kivukoni. Baba alikuwa mlangoni anatengeneza jembe.

"Umekuja kusema?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Shikamoo baba. Nisamehe kwa aibu niliyokuletea. Nimekuja kumleta mtoto."

"Na lile lingine?"

Nikamkumbatia Aneth. Mama akatoka bila fimbo, akamchukua Aneth mikononi mwangu, hakumwuliza mtu. Baba alirudia kugonga jembe lake. Kisha akasema, "Mtoto hana kosa, atakaa. Lakini aliyesimama kule na abaki kule. Ndani ya nyumba hii asiingie."

Aneth alidhani nakwenda dukani. Alinipungia mkono.

Valeria


Nyumba ya Malezi, Njombe
22 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Huku wazima wote. Ng'ombe amezaa.

Barua yako imenikalia kifuani. Nimemwomba Mama Mlezi ruhusa niache malezi nirudi nyumbani. Nitakaa nawe Mlabani, nimlee Aneth wewe ukiwa kazini, asilelewe mbali na mama yake kwa ajili ya mistari ya Fidelis. Mama Mlezi amesema nisali kwanza, nami nasali, lakini nataka uniandikie neno moja tu, njoo. Nikiwa nalo mkononi itakuwa rahisi kumweleza.

Kuna mengine siwezi kuyaandika humu. Nijibu mapema.

Angelina


Mlabani
10 Agosti 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama hajambo, anatembea mpaka barabarani. Baba amevuna na magunia yamejaa sebuleni, kaniambia mama. Zamda amempeleka Idrisa kwa bibi yake, kule Mkula. Sasa tunapepeta wawili bila watoto, na mwenye mashine ametusifu kwamba siku hizi tuna kasi. Kituoni mabinti bado wanashona, lakini kile chumba kimefungwa, na ufunguo anao baba. Abdulkarim na Emanuel siku hizi wanasalimiana wakipishana. Mimi wananisalimia wote wawili kwa haraka, kama mtu mwenye msiba wasioujua.

Nimechelewa kukujibu makusudi. Nilitaka nisikujibu nikiwa nalia.

Neno unalotaka silitumi. Usije kwa ajili ya Aneth. Kama huko ndani mambo yamekushinda, na nahisi yapo, maana umeandika kwamba kuna mengine huwezi kuyasema humu, basi mwendee Mama Mlezi umwambie mimi Angelina nimeshindwa, nataka kwenda kwetu. Siku hiyo nitakupokea na godoro langu tutagawana, sitakuuliza kitu. Lakini usimfanye mwanangu mlango wa kutokea. Ameshabebeshwa langu. La kwako libebe mwenyewe, mdogo wangu, wala usinichukie kwa kukuambia hivi. Na wewe Mama Mlezi unayesoma, naomba usimkaripie.

Nikueleze habari za Aneth, kisha nipumzike.

Amepona. Hakohoi, amenenepa, miguu imejaa. Baba ndiye anayemlea, ungeona usingeamini. Anambeba mabegani kwenda shambani, anamwonyesha ndege, akirudi anamwosha miguu yeye mwenyewe. Ninakwenda kila Jumapili. Nakaa uani, kwenye kigogo cha kukatia kuni, mama ananiletea chakula nje, nacheza na mtoto mpaka jua likipungua naondoka. Baba akiwepo anaingia ndani. Sikulalamika. Nilisema, apone tu.

Wiki mbili sikwenda, kazi ya mavuno, mashine inakoboa Jumapili na Jumatatu. Leo nimekwenda. Nimevaa gauni lile la kijani na nimemnunulia viatu. Alikuwa mlangoni amekaa. Nikachuchumaa pale uani, nikanyoosha mikono, nikasema, "Aneth, njoo."

Akanitazama. Si kwamba aliogopa. Alisimama vizuri, akaniamkia shikamoo kwa adabu, kama alivyofundishwa na baba kuwasalimia watu wazima. Nikaitika marahaba. Halafu akageuka akakimbilia ndani, na nikamsikia anamwita bibi yake,

"Mama, njoo. Kuna mgeni."

Mama hakutoka. Baba naye alikuwa ndani, nilisikia kiti chake. Nilikaa pale nimeshika viatu, nikawaza nikimbie nirudi mjini, nikawaza niingie kwa nguvu nimchukue mwanangu nimrudishe kwenye pumba angalau anijue. Sikufanya hata moja. Nilisogea mpaka pale mlangoni ninapokatazwa kuvuka, nikapiga hodi. Mgeni ndivyo anavyofanya.

Nikasubiri nikaribishwe.

Dada yako,
Valeria